Kitanda Ndani ya Gari la Mkate

Harufu ya mkate ukitoka motoni huwafungua watu hamu. Mimi hunikimbiza. Juzi niliingia dukani Kisumu mjini kununua sabuni, kumbe ndio kwanza wanatoa mikate. Niliacha kikapu palepale sakafuni nikatoka nje. Askari wa mlangoni aliniangalia vibaya, na ana haki yake. Ningemweleza nini? Kwamba mwanamke mzima na akili zake akinusa mkate wa moto anarudi kuwa mtoto wa miaka tisa?

Babu aliendesha gari la mkate tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Alikuwa akipakia Kisumu alfajiri, anapanda nalo miji ya milimani, Kapsabet, Nandi Hills, Kericho, Londiani, anashusha makreti na kurudi kabla jua halijakaza. Kiwanda kilipofungwa alilinunua lile gari, maana nani mwingine angelitaka? Akamwita fundi seremala wa Manyatta, wakang'oa rafu zote za mkate, wakaweka kitanda cha mbao cha futi nne kwa sita, kabati dogo, pazia la maua na mahali pa kufungia jiko la gesi. Harufu ya mkate haikung'oka. Ilikuwa imeingia kwenye mabati, na jua likipiga ilikuwa ikitoka upya.

Majirani walicheka mpaka wakachoka. "Yawa! Mtu akistaafu anafuga kuku. Huyu anafuga kitanda ndani ya gari!" Wengine walisema wazee wamejigeuza wazungu wa kutalii. Dani, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, hakujali hata kidogo. Alikuwa nesi wa wazazi miaka yake yote ya kazi, na mdomo wake haukuwa na likizo. "Wacheni waseme," alisema. "Nusu yao nimewapokea mimi, na walikuja wakipiga kelele hivyohivyo."

Ilikuwa likizo ya shule, nami nikapakiwa pamoja nao. Nilikuwa nalala kwenye viti vya mbele, wao kitandani nyuma ya pazia. Siku za kwanza ilikuwa raha tupu. Babu alikuwa anasimamisha gari kila mji na kumwonyesha Dani mahali alipokuwa akishusha mkate. "Hapa nimepita miaka yote hiyo, Mama Atieno, na sijawahi kushuka hata kunywa chai." Basi wanashuka, wanakunywa chai, wanaangalia milima ya majani chai wakiwa wameshikana mikono. Mimi nilikuwa nikiona aibu kwa niaba yao.

Lakini safari haikuwa ya kuangalia majani chai. Safari ilikuwa ya Anti Atieno, dada ya baba yangu, binti yao wa pekee. Alikuwa ameolewa na mwalimu mmoja wa huko juu, nje ya Londiani, karibu na msitu. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Ya tatu ilikuwa na miezi minane, na Dani alikuwa ameapa kwamba hii hataisikia kwa simu. Atakaa karibu na mtoto wake mpaka ajifungue.

Shida ilikuwa moja tu, na kila Mjaluo anaijua: mzazi halali katika nyumba ya binti yake aliyeolewa. Atakaribishwa, atakula, atashukuru, lakini usiku atafute mahali pengine. Ndiyo maana Babu alitengeneza lile gari. "Gari si nyumba ya mkwe," alisema. "Tutaegesha uani, tulale juu ya kitanda chetu wenyewe." Niliona hakuna binadamu mwenye akili kumshinda.

Nilimuuliza njiani, "Babu, na mkilala ndani itakuwaje?"

"Chira itakuja." Chira kwetu ni laana ya aliyevunja mwiko.

"Itafanya nini?"

Alikuwa anakata kona mbaya, akataka ninyamaze. "Itachukua yule mtoto."

"Hata mkilala kidogo tu?"

"Hata usingizi wa paka. Sasa funga mdomo niendeshe."

Mzee wa watu hakujua alichokipanda. Mimi nililimeza lile neno zima.

Tulipofika kwa Anti, alikuwa amenenepa uso na miguu, anatembea ameshika kiuno, lakini alicheka kwa furaha alipoona gari. Mwalimu alikuwa mtu mpole, mwenye haya. Nyumbani aliishi na mama yake, na huyo ndiye aliyekasirika. Kwao hawana mwiko kama wetu. Mgeni akikataa kulala ndani, amekutukana. Siku ya kwanza alituandalia chumba, akatandika mashuka mapya, na Babu akashukuru na kwenda kulala garini. Siku ya pili baridi ilikuwa kali mpaka Babu akaamka anakohoa. Mwalimu akaja kumgongea dirisha.

"Mzee, tafadhali ingieni ndani. Nyumba ni yenu."

Babu aliangalia chini. Kwetu mtu hamwangalii mkwe wake machoni ovyo. "Asante, mwalimu. Tuko sawa."

Mama Mwalimu alisikia akiwa jikoni. "Watu wanaogopa nyumba ya mwanangu kana kwamba ina chawa," alisema, wala hakupunguza sauti.

Na mimi nikajipa kazi. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa nikimchunga Dani asifunge macho. Mchana alikuwa anakaa sebuleni karibu na moto, mikono inafuma sweta ya mtoto, na joto lile linamlegeza. Kichwa kikianza kuinama tu, namfinya.

"Ai! Wewe mtoto una nini?"

"Dani, usilale!"

"Nani amelala?"

Anti Atieno alikuwa akicheka mpaka anashika tumbo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikiliangalia lile tumbo na kuwaza kwamba uhai wa mtoto aliyemo uko mikononi mwangu, na nikienda chooni tu huenda kila kitu kikaharibika.

Siku ya nne nilienda chooni. Ilikuwa saa nne asubuhi, mvua imetoka kukatika. Mwalimu alikuwa shuleni akifundisha masomo ya ziada ya likizo, Babu yuko uani ameinamia injini. Niliporudi sebuleni, sweta ilikuwa kwenye kiti lakini Dani hayupo. Nikaangalia jikoni, hayupo. Mlango wa chumba cha kulala cha Anti ulikuwa wazi kiasi cha mkono kupita. Nikachungulia.

Anti alikuwa amelala chali kitandani, kitanda chake na Mwalimu. Dani alikuwa amepiga magoti kando, kichwa chake kimelala juu ya tumbo la Anti. Macho yamefungwa. Hatikisiki. Anti naye ametulia, mkono wake uko juu ya kitambaa cha kichwa cha Dani. Nilisimama pale nikihesabu moyoni, nikafika thelathini, Dani hajafungua macho.

Sikuingia kumfinya. Hata leo najiuliza kwa nini sikuingia. Nilikimbia uani.

"Babu, Dani amelala!"

Alikuwa na spana mkononi. "Amelala wapi?"

"Kwa chumba. Kwa kitanda ya Anti na Mwalimu."

"Umeona na macho yako?"

"Nimeona. Nimehesabu mpaka thelathini."

Aliiweka spana chini taratibu, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Hakuingia ndani. Mambo ya vitanda hayasemwi katika boma la mkwe, hata kwa kunong'ona, na mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni akipepeta mchele. Alisubiri Dani atoke.

"Mama Atieno, panda gari. Tunarudi nyumbani."

"Kuna nini?"

"Unajua ulichofanya ndani."

Dani alifungua mdomo, akaangalia yule mama wa mchele, akaufunga. Kisha akainamisha macho. Mimi niliona ile aibu usoni mwake nikasema, naam, ni kweli, amelala. Alirudi ndani haraka akatoka na Anti anamfuata, analia.

"Mama, mlisema mpaka nijifungue!"

"Kesho asubuhi uende kliniki. Kesho, Atieno, usingoje keshokutwa. Wakupime presha."

"Baba, nimewakosea nini?"

Babu alikuwa amekwisha kaa kwenye usukani. "Hujakosea, mama," alisema, akawasha gari.

"Waache waende," alisema mama Mwalimu. "Hata kuingia hawakuwa wameingia."

Tulishuka mlima. Mimi nilikuwa katikati, Babu kulia, Dani kushoto amegeuzia uso dirishani. Milima ileile ya majani chai ilipita, vibanda vilevile vya chai vilipita, hakuna aliyesema tusimame. Mara moja Dani alitoa kitambaa akajifuta. Nilijua nimefanya jambo jema, na sikuweza kumwangalia.

Ilikuwa saa saba tulipofika Awasi. Jua la huku chini lilikuwa limewaka, gari linachemka, harufu ya mkate imejaa mpaka kwenye nguo. Babu aliegesha karibu na soko ili injini ipoe, akaninunulia soda. Wachuuzi walijaa dirishani na mahindi na ndizi, Dani akawaambia kwa Kijaluo waondoke. Kisha akamgeukia mumewe.

"Sasa tuko kwetu. Hakuna mkwe hapa. Nipige, nitukane, lakini useme."

"Niseme nini? Wewe mwenyewe unajua."

"Niliingia chumba cha mkwe. Ndiyo, nimeingia, nimekosa. Sasa kwa kosa hilo unamwacha mtoto peke yake?"

"Kuingia?" Babu alipiga usukani. "Ungeingia tu ningenyamaza! Umelala, Mama Atieno. Umelala juu ya kile kitanda!"

"Nimelala? Nani amekuambia nimelala?"

Nakumbuka vizuri kwamba Babu hakuniangalia hata kwa upande wa jicho. "Niliambiwa," alisema.

Nami, chupa ya soda ikiwa mdomoni, nikasema, "Ni mimi nilikuona, Dani. Ulikuwa umeweka kichwa kwa tumbo ya Anti. Macho yalikuwa yamefungwa."

Alinigeukia. Nilidhani kofi linakuja. "Nyathina," alisema, yaani mtoto wangu, na sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Nilikuwa nasikiliza moyo wa mtoto. Kile kipembe changu cha kusikilizia nilikiacha Kisumu, nikatumia sikio. Mtu akitaka kusikia vizuri hufunga macho."

Babu alimwuliza, "Ulisikia nini?"

"Ulikuwa unapiga. Lakini si vile nilivyotaka. Na Atieno amevimba. Nilikuwa nirudie kusikiliza baada ya chai, nikiona bado ni vile, nikuambie tumpeleke hospitali." Alishika kichwa. "Na mimi kwa aibu yangu ya kuingia chumbani nikapanda gari. Mimi, nesi mzima!"

Alitoa simu, akampigia Anti. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Ya Mwalimu ililia mpaka ikakatika, maana darasani alikuwa haishiki. Babu hakungoja injini ipoe. Aligeuza gari katikati ya barabara, malori yakimpigia honi, soda yangu ikanimwagikia mapajani.

Gari la mkate halikuzaliwa liwe na haraka. Kwenye vilima lilikuwa linapandishwa kwa gia ya pili huku mshale wa joto umegonga mwisho. Babu alikuwa analibembeleza kwa sauti, "Twende, mzee mwenzangu, twende." Dani alikuwa anaomba Mungu na kupiga simu, anaomba na kupiga. Na mimi? Mimi nilikuwa nimetulia kabisa! Hesabu yangu ilikuwa rahisi: Dani hakulala, basi chira haina njia, basi mtoto ni mzima. Nilimalizia soda iliyobaki chini ya chupa. Wale wazee wawili walikuwa wanakufa kwa hofu, mimi nahesabu punda barabarani.

Tuliingia kwa Mwalimu saa kumi. Alikuwa uani bila viatu, simu mkononi haishiki mtandao. Anti alikuwa amelazwa kwenye mkeka barazani, uso umevimba mpaka sikumtambua. "Mama, kichwa kinapasuka," alisema. "Naona vitu vinametameta." Mama Mwalimu alikuwa anamkanda miguu, analia waziwazi. Walikuwa wametafuta gari tangu saa nane. Pikapu ya jirani ilikuwa imeenda sokoni, na pikipiki haiwezi kumbeba mtu wa hali ile kwenye tope.

Dani alimshika mkono, akaangalia macho yake, akasimama. "Hospitali. Sasa hivi."

Mwalimu alimbeba mkewe mpaka nyuma ya gari. Babu akafungua milango, na hapo sote tukakiona kile kitanda.

Mwalimu hakuelewa kwa nini tumesimama. Lakini hata mimi mtoto nilijua. Binti aliyeolewa hakai juu ya kitanda cha wazazi wake. Kulala juu yake, tena mume wake akiwa palepale, hilo hata halina jina. Ukilinganisha na hilo, kusinzia kwenye kochi la mkwe ni mchezo.

Babu alipanda, akashika godoro akaanza kulivuta litoke, ili Anti alale juu ya mbao tupu. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Baba Atieno," Dani alisema. "Kwa barabara hii? Juu ya mbao?"

Aliliacha. Akamwangalia binti yake pale mikononi mwa mumewe. Kisha akalirudisha godoro mahali pake, akatandika blanketi, akalinyoosha pembe zote kwa mikono yake, akachukua mto wake mwenyewe akauweka.

"Mlete," alimwambia Mwalimu, na safari hii alimtazama machoni. "Wewe ukae hapo umshike. Atieno, lala, mama. Kitanda ni changu, mimi ndiye nitakayejibu."

Nilipanda nyuma pamoja nao. Mabati yalikuwa bado na moto wa Awasi, harufu ya mkate imetuziba pumzi, na kila shimo la barabara Anti alikuwa ananishika mkono mpaka kucha zinaingia. Hesabu yangu yote ilikuwa imevurugika. Nililia njia nzima nikimwambia, "Anti usilale, usilale," kana kwamba asipofunga macho kitanda hakitamhesabu.

Anti Atieno walimwokoa. Mtoto, mvulana, alitoka kimya.

Wiki moja baadaye ukoo ulikusanyika kwetu Kisumu. Baba yangu alikuwapo, wajomba, kina mama wa kanisa. Waliuliza kama wanavyouliza watu siku zote: ilikuwaje, nesi alikuwepo, gari lilikuwepo, ilikuwaje? Babu alisimama. "Nilimlaza binti yangu juu ya kitanda changu, mkwe wangu akiwa ameketi hapo. Kosa ni langu peke yangu." Watu waliguna, wakatikisa vichwa, wakaacha kuuliza. Wamepata jibu wanalolijua. Tangu siku hiyo kanisani hawakumwita tena kuongoza sala, na wenye watoto wachanga walikuwa wanawafunika akipita. Alikitoa kile kitanda garini akakichoma, na gari akaliuza kwa mtu wa vyuma chakavu.

Niliamini kama wote walivyoamini. Na mimi nilimchukia. Kwa nini hakulivuta lile godoro likatoka? Lilikuwa tayari mikononi mwake! Nilikaa na neno hilo miaka, mdomo wangu nao mnaujua sasa. Nikiwa kidato cha pili aliniambia nisitoke jioni, nikamjibu mbele ya wageni mezani: "Wewe ndiye uliyemuua mtoto wa Anti."

Wageni waliacha kula. Babu alitafuna, akameza. "Ndiyo," alisema. "Ni mimi. Kaa chini, chakula kinapoa."

Tulimzika mwaka jana. Watu walipokwisha kuondoka, mimi na Dani tulibaki tunakunja mashati yake. Nilimwambia ukweli, kwamba nimelia kama wengine lakini kile kitanda sikuwahi kumsamehe.

Dani aliweka shati chini. "Nilimwahidi nisiseme akiwa hai," alisema. "Daktari alituambia mtoto alikufa mchana ule. Angefikishwa mapema, alisema, wangemtoa akiwa mzima. Tulipompandisha Atieno kitandani, mtoto alikuwa ameshakufa."

"Mchana saa ngapi?"

Aliniacha nihesabu mwenyewe. Saa nne tumeondoka, saa saba Awasi, saa kumi tumerudi.

"Palepale kwenye benchi la hospitali babu yako aliniambia, watu watauliza kwa nini tuliondoka, na nani alileta habari. Tuwaambie ni kitanda. Watu wetu wanaelewa kitanda."

"Kwa hiyo hakuamini?"

"Aliamini chira mpaka tukamzika. Ila alijua hii haikuwa chira."

Nilitaka kusema kitu, kikatoka kingine. "Dani, nilimwambia amemuua. Mbele ya watu."

"Nakumbuka. Usiku ule alikuja chumbani akavua viatu, akaniambia, 'Mama Atieno, tulale sasa. Mtoto ameamini.'"